Yohana au Yusufu: Mtoto Anangoja Jina

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo wilayani Kibondo. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.)



Leo sitazungumza juu ya mbolea wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Najua wengine mmekuja na madaftari mkitazamia tuendelee na hesabu za bei ya maharage. Hesabu tutazifanya kipindi kijacho. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo kila nyumba hapa imeifanya, na ambayo bado hatujaipa hata kipindi kimoja. Nayo ni kazi ya kumpa mtoto jina.

Mtu anaweza kuniuliza, "Mwalimu, hilo nalo ni somo?" Ndiyo, ni somo. Kila mmoja wenu anaikumbuka siku aliyoandika jina lake mwenyewe bila kushikwa mkono. Wengine mlilia, nawajua. Sasa nawauliza: jina la mtoto wako nani aliliandika kwanza? Mara nyingi aliliandika mtu mwingine. Aliliandika muuguzi, au katekista, au mwalimu wa darasa la kwanza. Aliliandika kama masikio yake yalivyolisikia. Wewe mzazi ulisimama pembeni, ukaambiwa, "Haya, chukua kadi yako," ukaenda zako.

Lakini kabla ya kuandika kuna kuchagua. Na hapo kwenye kuchagua ndipo nyumba nyingi zinapokwaruzana.

NYUMBA MOJA, MAJINA MAWILI

Kuna nyumba moja katika wilaya yetu. Wenyewe wameniruhusu kusimulia, ila kijiji chao na majina ya wazazi nayaacha. Mume na mke wote wawili wamesoma kisomo. Walikuwa na mabinti watatu. Halafu mama akajifungua mtoto wa kiume. Watu walikuja na unga, na ndizi, na kuni. Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu ugomvi ukaingia.

Babu wa mtoto, yaani baba yake mume, anaitwa Yusufu. Ni mzee sasa. Ni mmoja wa wale waliofanya mtihani wa kisomo mwaka 1975, wakati nchi nzima ilipopimwa kusoma na kuandika. Mzee huyu amengoja mjukuu wa kiume miaka mingi. Akasema, "Huyu ni mimi. Ataitwa Yusufu."

Mama wa mtoto naye alikuwa na jina lake moyoni. Usiku uchungu ulipomshika, mume alikuwa safarini. Aliyempakia kwenye baiskeli, akaisukuma gizani kwenye matope mpaka zahanati, ni kaka yake. Zahanati wakasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Kaka hakurudi nyumbani. Alikwenda naye mpaka hospitali, akangoja nje mpaka asubuhi. Kaka huyo anaitwa Yohana. Kwa hiyo mama alisema mtoto aitwe Yohana.

Mume akamwambia mkewe, "Mama watoto, shemeji tutamshukuru. Tutampa mbuzi."

Mke akajibu, "Mbuzi ataliwa siku moja, baba. Mtoto nitamwita kila siku."

Mume akasema, "Na mzee je? Afe bila kusikia jina lake likiitwa uani?"

Hapo pakawa na kimya. Nani ana haki hapo? Mimi sioni mkosaji. Mmoja anataka kumheshimu aliyemzaa. Mwingine anataka kumshukuru aliyemwokoa. Ugomvi wa namna hii ni mgumu kuliko ugomvi wa mpaka wa shamba, kwa sababu kwenye mpaka wa shamba kuna mmoja aliyesogeza jiwe.

Basi siku zikapita. Mtoto akawa na majina mawili. Kwa babu yake akaitwa Yusufu. Mama akimpeleka kwao, akaitwa Yohana. Mama akaenda kliniki peke yake, muuguzi akauliza jina, kadi ikaandikwa Yohana. Wiki ile ile babu akaenda kwa katekista kumwandikisha mtoto kwa ubatizo. Katekista akaandika Yosefu, kwa sababu katika vitabu vyake ndivyo linavyoandikwa. Mtoto ana miezi miwili na siku chache, hajaota jino, na tayari ana karatasi mbili zenye watu wawili tofauti.

MAJINA YENYEWE

Sasa tuyatazame majina haya mawili, maana watu wanagombania majina bila kuyafahamu.

Yote mawili ni majina ya zamani sana na yametoka lugha moja, Kiebrania, lugha ya Wayahudi. Yohana maana yake Mungu amekuwa na neema. Yusufu maana yake Mungu na aongeze. Kwa nyumba iliyopata mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu, mtaona kwamba majina yote mawili yanafaa. Ila mabinti nao ni neema, msinielewe vibaya.

Yusufu mnamjua. Ni yule aliyeuzwa na ndugu zake, akapelekwa Misri, akafungwa bila kosa. Baadaye akawekwa juu ya maghala ya nchi. Alikusanya chakula miaka 7 ya shibe, na ilipofika miaka 7 ya njaa watu walipona kwa akiba hiyo. Mkulima yeyote wa Kibondo aliyewahi kuuza mahindi yote wakati wa mavuno, halafu akayanunua kwa bei mara mbili mwezi wa pili, anaelewa kwa nini jina hili limependwa. Tena yupo Yusufu mwingine, seremala, mume wa Mariamu. Wakatoliki humkumbuka tarehe 19 Machi, na tena tarehe 1 Mei, siku ya wafanyakazi.

Na jina hili halina ukuta kati ya dini na dini. Katika Kurani sura ya 12 nzima inaitwa Yusufu na inasimulia habari zake. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu, wakiwa majirani, wanaweza wote kumwita mtoto Yusufu na hakuna atakayeuliza neno. Jina la Musa ni vivyo hivyo. Hapo Kasulu alikuwapo Askofu wa Anglikana aliyeitwa Musa Kahurananga, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Tanzania. Na akina Musa misikitini ni wengi.

Yohana naye yupo katika Kurani, ila huko anaitwa Yahya. Ni mtoto wa Zakaria katika vitabu vyote viwili. Sura ya Mariamu inasema kwamba kabla yake Mungu hakumpa mtu yeyote jina hilo.

Na hapa, wazee wangu, nisikilizeni vizuri. Habari ya Yohana katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, ni habari ya ugomvi wa jina. Siku ya nane jamaa na majirani walikuja kumtahiri mtoto. Walitaka kumwita Zakaria, jina la baba yake. Mama yake, Elisabeti, akakataa. Akasema ataitwa Yohana. Jamaa wakamwambia kwamba katika ukoo wake hakuna mtu mwenye jina hilo. Mnaona? Maneno yale yale tunayoyasikia kwenye nyua zetu. Wakamgeukia baba. Baba alikuwa bubu wakati huo, hawezi kusema. Akaomba kibao cha kuandikia, akaandika kwamba jina la mtoto ni Yohana. Watu wakastaajabu, na maneno yakaisha.

Mimi nikiisoma habari ile naiona kwa macho ya mwalimu wa kisomo. Kama Zakaria asingejua kuandika, mambo yangekuwaje pale? Jamaa wangeshinda, mama asingesikilizwa, na mtoto angeitwa Zakaria. Tena angalieni: Zakaria hakuandika jina lake mwenyewe. Aliandika jina alilolitaja mkewe.

ZAMANI JINA LILIKUWA KINYWANI

Wengine wananiambia, "Mwalimu, babu zetu hawakuwa na shida hizi. Mtoto alipewa jina, na likikataa alipewa lingine." Ni kweli kabisa. Nitawapa mfano wa mtu mnayemjua wote.

Mwaka 1922, huko Butiama, alizaliwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito na mama Mugaya. Kwanza aliitwa Mugendi. Kwa Kizanaki maana yake ni mtu anayetembea. Baadaye kidogo jina likabadilishwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mwaka 1943 akabatizwa, akapata jina la Julius. Basi Baba wa Taifa naye, akiwa mchanga, alikuwa mtoto wa majina mawili, Mugendi na Kambarage. Lile la kwanza liliachwa. Ingawa mimi nadhani halikumwacha yeye, kwa jinsi alivyoizunguka nchi hii baada ya TANU kuanzishwa mwaka 1954.

Lakini fikirini: kubadili Mugendi kuwa Kambarage kuligharimu nini? Hakukuwa na kadi ya kliniki wala cheti. Wazazi waliwaambia majirani, majirani wakaanza kuita jina jipya, yakaisha. Jina lilikuwa kinywani. Siku hizi jina likishatoka kinywani linakaa kwenye karatasi, na karatasi haisikii ukiiambia kwamba mmebadili mawazo.

Huku kwetu Buha tunayo majina yetu ambayo hayana ugomvi. Mama akijifungua pacha, wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Hakuna babu wala shemeji wa kubishana. Jina la Ntare, yaani simba, lilikuwa la watawala. Hata huko Burundi wafalme walilitumia. Na hapa Kasulu, mwaka 1946, mwanamke, Theresa Ntare, alishika utawala wa Heru na kuwa Mwami kwa jina hilo. Kwa hiyo wale wanaosema jina la simba ni la wanaume tu, wakasome historia ya kwao.

YU-SU-FU

Turudi ubaoni. Nimeandika majina mawili. Someni pamoja nami. Yo-ha-na. Silabi tatu. Yu-su-fu. Silabi tatu. Mnaona, mtu aliyemaliza kisomo anaweza kuyaandika yote mawili bila kusaidiwa. Yanaandikwa kama yanavyotamkwa.

Sasa nawaonyesha yanavyoandikwa katika makaratasi ninayoyaona kwa macho yangu: Yusufu. Yusuf. Yusuph. Yosefu. Yosef. Josefu. Joseph. Hayo ni saba, na mtu ni mmoja. Kwa Yohana: Yohana, Johana, Johan, John. Na ukivuka mpaka kule Mabamba ukaingia Burundi, watakuandikia Jean.

Sisemi kwamba mojawapo ni kosa. Vitabu vyenyewe havikubaliani. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile inayoitwa Union, inaandika Yusufu, Musa, Ibrahimu. Biblia ya Habari Njema inaandika Yosefu, Mose, Abrahamu. Kwa hiyo katekista wa nyumba ile hakukosea. Aliandika kama alivyozoea. Lakini jina si la katekista, ni la mtoto.

Mnajua shida iko wapi? Mashine. Binadamu akiona Yusufu na Yusuph atasema, "Aa, ni huyu huyu." Mashine haisemi hivyo. Kwake f na ph ni watu wawili. Mnakumbuka mwaka 2019, tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Hapo ndipo watu walipoona kwamba serikali sasa inamtafuta mtu kwa herufi. Na si simu tu. Jina linaloandikwa shuleni ndilo linalokwenda kwenye mtihani wa darasa la saba, na la mtihani ndilo linalotoka kwenye cheti. Kijana akifika umri wa kuomba kitambulisho, au mkopo wa chuo, au kazi, au siku akitaka kurithi shamba la marehemu baba yake, ataambiwa, "Huyu Yohana wa kliniki na huyu Yosefu wa kanisani ni nani?" Atalazimika kwenda kuapa kwa wakili kwamba wote ni yeye. Wakili anataka fedha. Gari linataka nauli. Na shamba nyumbani halilimwi siku hizo.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kwenda ofisini asubuhi na kurudi mchana. Sisi huku, kosa la herufi moja linaweza kukula debe la maharage.

CHETI NA SIKU TISINI

Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kila mtoto aandikishwe. Muda wa kawaida ni siku 90 tangu kuzaliwa. Ukichelewa bado unaweza kuandikisha, ila utaulizwa maswali zaidi na ada huwa kubwa zaidi. Na mtoto akishapita miaka 10, vielelezo vinavyotakiwa ni vingi zaidi. Wakala wa serikali anayeshughulikia kazi hii anaitwa RITA, na alizinduliwa mwaka 2006.

Kuanzia mwaka 2013 serikali ilianza mpango, kwanza mkoani Mbeya, wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano karibu na nyumbani, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti cha kwanza kutolewa bila malipo. Mpango huo ukasambazwa mkoa hadi mkoa. Kwa hiyo kabla hujapanda gari kwenda mbali, anzia zahanati na kwa mtendaji wa kata. Aliyezaliwa hospitali au zahanati anapewa tangazo la kizazi. Litunzeni kavu, msilifungie ndani ya khanga yenye unyevu. Aliyezaliwa nyumbani pia ana haki ya cheti. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji.

Na mtakapofika, msimwachie karani aandike kwa kusikia. Andikeni jina kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, mumpe. Akishamaliza, mwambieni kwa heshima, "Naomba nilisome." Lisomeni herufi kwa herufi pale pale mezani. Kama kuna kosa, hapo ndipo pa kulisema. Karani mwingine atakunja uso. Mwache akunje.

Jina la kwanza ni la mtoto, la pili la baba, la tatu la babu au la ukoo. Hilo la tatu ndilo lililoiponya ile nyumba, kama nitakavyowaeleza.

MPAKANI

Kwanza niseme jambo moja ambalo wengi huninong'oneza baada ya kipindi. Wapo wazazi wanaosema, "Mwalimu, mimi simpi mtoto jina la Kiha. Nampa Yohana tu na jina la Kizungu, kwa sababu akiitwa Bukuru ataulizwa kama ni Mrundi."

Naelewa wanachosema. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na majina mengi yanafanana. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu huko Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996, na hapa Kibondo tulikuwa na Nduta. Watu wa Kigoma wamelalamika mara nyingi, hata bungeni, kwamba wanahojiwa uraia wao kuliko watu wa mikoa mingine. Inauma mtu kuulizwa kwao ni wapi akiwa amekaa juu ya kaburi la babu yake.

Lakini Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haitazami jina. Inatazama ulizaliwa wapi na wazazi wako ni raia wa nchi gani. Mtoto anayeitwa John na hana karatasi atahangaika. Bukuru mwenye cheti chenye jina la baba na la mama, yaliyoandikwa sawasawa na kwenye vitambulisho vyao, ana kitu cha kuweka mezani. Kwa hiyo anayetaka kuacha jina la Kiha kwa sababu halipendi, shauri lake. Anayeliacha kwa hofu, mimi ninamwambia hofu hiyo aigeuze iwe safari ya kwenda kwa mtendaji.

JINSI WALIVYOFANYA

Sasa nyumba ile. Mume alinionyesha karatasi zile mbili. Siku zilizobaki kabla ya 90 zilikuwa chini ya ishirini. Sikumchagulia jina. Si kazi ya afisa elimu kumpa jina mtoto wa watu. Nilimwomba tu aandike jina zima la mtoto, majina yote matatu, kwa njia zote mbili, akamsomee mzee.

Tuseme baba anaitwa Petro. Basi njia ya kwanza ni hii: Yusufu Petro Yusufu. Njia ya pili ni hii: Yohana Petro Yusufu.

Aliyekwenda kumsomea mzee ni yule mke mwenyewe. Alipika kwanza, akapiga magoti, akampa mkwewe chakula. Baada ya kula akatoa daftari la kisomo, akasema, "Baba, naomba unisahihishie maandishi yangu." Mzee akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akarudia wa pili, kidole kikipita chini ya kila neno, kama tulivyofundishwa wote. Kidole kikafika neno la tatu, kikasimama.

Akauliza, "Hapa ni mimi?"

Mke akasema, "Ni wewe, baba. Kila atakapoandika jina lake lote, atakuandika na wewe."

Mzee akauliza tena, "Na wanawe?"

Hilo mke hakuwa na jibu lake, nami ningekosa jibu. Akasema kweli, kwamba kwa wanawe jina hilo litabaki kama baba yao atalishika liwe la ukoo. Mzee akafikiri. Akasema lishikwe basi. Na akaweka sharti lake: yeye mwenyewe, nyumbani kwake, atamwita mtoto jina analotaka. Nani atamzuia babu? Mpaka leo anamwita Yusufu, na mtoto anageuka.

Wapo jamaa wa mume ambao hawakuridhika. Walisema mwanamke ametawala. Shangazi mmoja, nimeambiwa, alikaa mwezi mzima bila kufika pale. Sitawaficha hilo, maana jambo la jina haliishi bila mtu kununa. Lakini mtoto alipelekwa kwa mtendaji kabla ya siku 90. Baba na mama walikwenda wote wawili, pamoja na karatasi yao ya herufi kubwa. Katekista naye alifuatwa, akaandika upya Yohana kabla ya siku ya ubatizo. Yule mjomba mwenye baiskeli ndiye aliyemsimamia.

Kama wangechagua Yusufu ningefurahi vile vile. Mwenye mzee mgonjwa nyumbani, anayengoja kusikia neno moja tu, huenda asiwe na muda wa kufika kwenye neno la tatu. Kila nyumba ina hesabu yake. Ninalosisitiza mimi ni kwamba walikubaliana wawili kabla kalamu haijagusa karatasi ya serikali, wakachagua njia moja ya kuandika, na mama alikuwepo. Nimeona vyeti ambavyo jina la mtoto lilichaguliwa na baba na wazee kwenye kikao, mama akalisikia mara ya kwanza likiwa limeshagongwa muhuri. Yeye aliyembeba miezi 9! Hilo silipendi, na nitalisema hata mbele ya wazee.

KAZI YA KIPINDI KIJACHO

Kipindi kijacho, kabla ya hesabu za maharage, kila mmoja alete karatasi zote za mtoto wake mmoja: kadi ya kliniki, ya ubatizo, daftari la shule, cheti kama kipo. Misikitini pia, kama jina liliandikwa mahali. Mwenye watoto wengi aanze na mdogo. Tutaweka jina la kila karatasi chini ya lingine, herufi chini ya herufi, na kuangalia kama ni mtu mmoja. Na akina mama wajawazito waje na waume zao. Leteni penseli, si kalamu ya wino.